Wapya wa maumbo ya uzi, picha ya mwisho haitoshi

Kijana mwingine kaniletea albamu nzima ya maumbo ya uzi, yale yanayosukwa vidoleni kwa kitanzi cha kamba, yote yamekamilika mikononi mwa watu, na hakuna hata hatua moja iliyoandikwa. Wanangu, hebu tukae kidogo.

1. Andika njia kabla hujashangilia umbo. Rivers na Haddon, wanaanthropolojia wa Uingereza, walituwekea utaratibu wa kuandika hatua tangu 1902: kidole gani, kitanzi gani, uzi wa upande wa gumba au wa kidole cha mwisho. Ninyi mnapiga picha! Ila nisijifanye malaika. Bibi mmoja kijijini alinionyesha umbo, nikalipiga picha safi, nikashukuru, nikaondoka. Kufika nyumbani, pale katikati nyuzi zinapokatana, sikuweza kujua upi umepita juu. Nikabahatisha. Nikaanza na Mwanzo A, ule mwanzo wa kawaida wa kutia uzi vidoleni, kwa kuwa ndio niliouzoea, nikanavajo gumba zote mbili (yaani nikavusha kitanzi cha chini juu ya kile cha juu, nikakiachia), umbo likatoka vilevile kama la pichani. Nikaandika hatua zangu chini ya jina la bibi wa watu. Niliporudi kutamba, mjukuu wake akanitazama vidole, akacheka mpaka akakaa chini. Kwao Mwanzo A haumo kabisa. Kitanzi cha kwanza kinatiwa kwenye kidole gumba cha mguu, na mguu huo haukuwemo pichani! Nilikuwa nimewabambikia mazoea yangu, tena kwa maandishi.

2. Maumbo kufanana si undugu. Zile almasi nne tunazoziita za Waosage, wa Marekani, Hawaii nako zinajulikana. Linganisha mwendo wa vidole kwanza, ndipo uanze kuchora mishale ya nani kamfundisha nani.

3. Uliza msimu. Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, huchezea uzi majira ya baridi tu, buibui wakiwa wamelala, kwa sababu mchezo wenyewe wanasema walipewa na Mwanamke Buibui. Ukitoa kamba yako mwezi Julai, kwao ni majira ya joto, ukanuniwa, usinililie. Wainuiti, watu wa Aktiki, katika baadhi ya sehemu walisuka wakati wa vuli, kabla ya majira ya baridi, ili nyuzi zilinase jua lisitoweke. Na wewe unauliza tu, "Umbo hili linaitwaje?"

4. Funga mdomo, sikiliza. Kaikai, yaani maumbo ya uzi ya Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka), huenda na maneno yake ya kughani. Ukibeba uzi ukayaacha, umebeba nusu.

5. Uzi: mita mbili hivi, fundo dogo. Nailoni huteleza vizuri wakati wa kuachia kitanzi, ila umbo hulegea mzee akianza kusimulia. Kwa wazee wanaosimulia, chukua pamba.