Wakikuita uongee, waulize kwanza utaongea nini

Dada nimekusoma. Uko mwaka wa pili wa masta ya fizikia, mwanamke peke yako maabara nzima, sasa umeitwa kwenye video ya kuelezea sayansi na unahofia wanataka sura tu. Mi naona uende, ila kabla hujakubali waulize maswali ni yapi, manake kama yote ni "unajisikiaje kuwa mwanamke kwenye sayansi" waambie kabisa unataka kuongelea utafiti wako, hilo swali moja lije mwishoni. Binti akikuona unaeleza leza inavyofanya kazi, anamwona mwanafizikia, basi.

Na hiyo sura usiidharau. Mwaka 1983 mtafiti David Chambers alitoa matokeo ya watoto zaidi ya 4,000 walioambiwa wachore mwanasayansi, waliochora mwanamke walikuwa 28 tu, na wote wasichana, hakuna mvulana hata mmoja! Na watu wakiachwa nje ya sayansi, madhara hayaishii kwenye michoro: kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, mgonjwa anaonekana yuko sawa kumbe hewa haimtoshi. Inaniuma sana hii, kifaa kikijaribiwa zaidi kwa watu weupe wanaoumia ni wengine.

Ila wakikuita wiki unayokimbizana na tasnifu, kataa bila aibu. Hizi kazi za kuwakilisha wenzako mara nyingi hazilipwi, na wewe unahitaji kumaliza. Wapendekezee mwanamke mwingine unayemjua.