Barua kwa mwanangu: saa ya kuzamia kwa mtu asiyezamia

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika. Sisi huku wazima, na baba yako anakusalimu. Uliniuliza mambo mawili, nayarudia hapa usije ukanikana baadaye. La kwanza, kuna maana gani mtu kununua saa ya kuzamia ya bei kubwa halafu akaivaa kila siku kazini, ilhali hazamii hata kwenye bwawa. La pili, ukishapata moja, utajuaje kama ya pili ni kukusanya au ni tamaa tu.

Kwa la kwanza, jibu langu ni hili: kama uwezo wako ni wa saa moja tu nzuri, nunua ya kuzamia na uivae. Usiifungie kabatini. Sababu zangu si zile atakazokupa muuzaji, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Saa hizi hazikuanza kama mapambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jeshi la majini la Ufaransa lilikuwa na kikosi kipya cha wazamiaji, na maofisa wake wawili, Robert Maloubier na Claude Riffaud, walitafuta saa ambayo mtu angeisoma usiku, ndani ya maji machafu, bila kubabaika. Walijua wanachotaka: uso mweusi, alama kubwa zinazong'aa gizani, na pete ya nje inayozungushwa ili kupima muda ambao mtu amekaa chini. Mkuu wa kampuni ya saa ya Blancpain wakati huo, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mzamiaji mwenyewe na aliwahi kuishiwa hewa chini ya maji kwa kupotewa na hesabu ya muda, basi hakuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 1953 ikatoka saa yao iitwayo Fifty Fathoms. Mwaka huohuo Rolex nayo ikaunda Submariner, ikaionesha kwenye maonyesho ya Basel mwaka 1954, ya kuhimili kina cha mita 100. Saa nyingi za kuzamia unazoziona leo madukani zimerithi sura kutoka kwa hizo mbili.

Sasa tazama jinsi shida za mzamiaji zinavyofanana na zako. Yeye alitaka kusoma saa kwa kutupa jicho mara moja, na wewe uko kwenye kikao, hutaki bosi aone unatazama saa. Yeye alihofia maji, wewe una mvua, jasho, sinki la vyombo na watoto wa dada yako. Yeye alikuwa akijigonga kwenye mwamba, wewe unajigonga kwenye fremu ya mlango. Saa nyembamba ya dhahabu yenye mkanda wa ngozi itakufanya uishi kwa tahadhari. Ya kuzamia unaiosha chini ya bomba, unaifuta na shati, unaendelea na shughuli zako.

Katika vyote hivyo, mimi naipenda pete. Ishike saa yoyote nzuri ya kuzamia, ujaribu kuizungusha pete yake. Itakubali kwenda upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mishale, tik, tik, tik. Kwenye Submariner utahesabu tiki 120 kwa mzunguko mmoja. Kuzuia upande mmoja si urembo. Mzamiaji akijigonga na pete ikasogea, itamwonesha kwamba amekaa chini muda mrefu kuliko ukweli, naye atapanda mapema. Hasara yake ni dakika chache za kuogelea. Ingesogea upande wa pili ingemdanganya kwamba bado ana muda, na huko ndiko watu wanakokufa. Nchi kavu nayo ina kazi zake: unaiweka pembetatu iliyochorwa kwenye pete mkabala na ncha ya mshale wa dakika, na kuanzia hapo unasoma dakika zilizopita moja kwa moja. Gari ulikoliegesha kwa kulipia, sindano ya mgonjwa inayosubiri nusu saa, simu uliyoambiwa upige baada ya dakika 20. Mimi huitumia kutwa nzima, na simu yangu hubaki mkobani.

Si kila saa yenye pete, hata hivyo, ni ya kuzamia. Kuna kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 6425. Kinataka saa ihimili angalau mita 100, isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, ioneshe kwamba inatembea (ndiyo maana mshale wa sekunde una doa linalong'aa), ivumilie maji ya chumvi, mapigo na sumaku. Tena kila saa hupimwa, si sampuli chache, kwa mgandamizo unaozidi kwa robo ule ulioandikwa. Iliyoandikwa mita 200 imepimwa kama iko mita 250. Ndiyo maana saa ya mitindo iliyoandikwa mita 30 usiingie nayo hata kwenye bwawa.

Hapa ndipo wengi wanapojiamini kupita kiasi, kwa hiyo sikiliza vizuri. Kinachozuia maji si chuma, ni mipira myembamba iliyo chini ya kioo, nyuma ya mfuniko na ndani ya kitufe cha pembeni. Mipira huzeeka hata kama saa imelala kwenye sanduku lake. Joto na sabuni huiharakisha kuzeeka, kwa hiyo usiingie nayo kwenye maji ya moto wala chumba cha mvuke, hata kama imeandikwa mita 300. Baharini nenda nayo bila hofu, kisha isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, huku ukizungusha pete ili mchanga utoke chini yake. Kila mwaka, kama unaogelea nayo, mpelekee fundi saa mwenye mashine ya kupima mgandamizo. Ni kazi ya muda mfupi. Ukiona ukungu chini ya kioo, hata ukitoweka wenyewe baada ya saa moja, usingojee kesho.

Na kile kitufe cha pembeni cha kutilia saa majira, ambacho kwenye saa hizi hufungwa kwa uzi kama skrubu. Kukifunga kuna namna yake. Kisukume taratibu, ukizungushe kwanza kwa nyuma, kinyume, mpaka uhisi kidoleni kimedondoka kwenye uzi wake. Hapo ndipo ukizungushe kwa mbele mpaka kikae, bila kukikaza kwa nguvu. Wanaokilazimisha mbele moja kwa moja wanakula uzi kidogo kidogo, na siku moja maji yanapita. Tarehe nayo usiibadilishe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu kwenye mashine nyingi meno ya kubadilisha tarehe huwa yameshashikana muda huo na unaweza kuyavunja. Huduma kamili, ya kufungua, kusafisha na kutia mafuta upya, Rolex wanasema takriban kila miaka 10, wengine mapema zaidi. Weka fedha yake kando tangu siku ya kununua, maana si ndogo.

Ukipeleka huduma, andika kwenye karatasi ya mapokezi kwamba hutaki ing'arishwe. Mimi niliwahi kurudishiwa saa inayometa kama mpya, na kingo zake zote zimelainika kama sabuni iliyotumika. Kung'arisha ni kukwangua chuma, na chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Mikwaruzo iache. Itaanzia kwenye kifungio cha mkanda, kwa sababu ya meza unayoandikia, na wiki ya kwanza itakuuma.

Usahihi usiutegemee sana. Saa ya mashine, isiyotumia betri, iliyopata cheti cha COSC, shirika la Uswisi linalopima usahihi wa saa, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Rolex wanajibana kwenye sekunde 2 huku na huku, na Omega zenye upimaji wa METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, hazichelewi, zinawahi kati ya 0 na 5. Tangu Seiko ilipotoa Astron ya betri mwaka 1969, saa za betri zimekuwa zikizishinda hizi zote kwa usahihi, leo hata za bei ya chini, na wazamiaji wa siku hizi wanategemea kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi. Ukikubali hilo mapema hutabishana na mtu. Ila saa yako ikianza ghafla kuwahi kwa dakika nzima, usiogope, huenda imeshikwa na sumaku ya spika au ya kifungo cha mkoba. Fundi huiondoa papo hapo. Zile za METAS zimepimwa kwenye sumaku ya gausi 15,000, basi kwao tatizo hilo karibu halipo.

Kuna kitu kimoja utakachouziwa ambacho hukihitaji kabisa: vali ya heliamu. Wapo wazamiaji wanaoishi siku nyingi ndani ya chumba chenye mgandamizo wakipumua mchanganyiko wa heliamu, na chembe za gesi hiyo ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya saa. Mgandamizo wa chumba ukishushwa, gesi iliyonaswa inaweza kufyatua kioo. Rolex Sea-Dweller ya mwaka 1967 iliwekewa vali ya kuitoa. Omega Seamaster ya mita 300 nayo inayo, kushoto karibu na namba 10. Kama saa umeipenda kwa mengine, haina neno. Kama ndiyo sababu ya kuongeza bei, mwambie muuzaji unafanya kazi ofisini.

Sasa swali lako la pili. Kipimo changu ni kwamba saa ya pili iwe na kazi au tabia ambayo ya kwanza haina. Una ya chuma cha pua yenye uso mweusi? Basi Tudor Pelagos ya titani ni tofauti ya kweli, utaihisi wepesi wake mkononi siku nzima. Doxa Sub 300, ambayo uso wake wa rangi ya chungwa umekuwepo tangu 1967, ni tofauti. Seiko pia ni tofauti: ile yao ya kwanza ya kuzamia, ya mita 150, ilitoka mwaka 1965, na warithi wake wamevaliwa na wazamiaji wengi wasio na majigambo. Mkusanyaji anayejisifu kwa saa za kuzamia asiye na Seiko hata moja simwamini sana. Lakini saa tatu za chuma, zote nyeusi, zote za mita 300, tofauti yake jina lililoandikwa usoni, hiyo ni tamaa, mwanangu, hata ukiipa jina zuri. Dalili nyingine: umenunua mpya na ya zamani hujaitoa plastiki.

Ipe ya kwanza angalau mwaka mkononi kabla hujatafuta ya pili. Kwa kuivaa ndiyo utajua kama unene unakwama kwenye mkono wa shati, kama tarehe unaitazama au la, kama unapenda mkanda wa chuma au wa kitambaa. Majibu hayo hayapatikani kwa kutazama picha.

Na usiniambie ni uwekezaji. Bei za saa za mitumba zilipanda kwa kasi mpaka mapema mwaka 2022, halafu zikaporomoka, na waliokopa kununua kileleni walibaki na deni. Ikishika bei, ni bahati njema. Hesabu fedha hiyo kama imekwenda.

Za kale ziache kwanza. Nyingi za miaka ya 1950 zina rangi ya kung'aa iliyotiwa radiamu, madini yenye mionzi ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa miaka 1,600. Rangi yenyewe huacha kung'aa zamani sana, lakini mionzi bado ipo, na vumbi lake si la kuvuta puani. Saa ya namna hiyo usiifungue mwenyewe, na hata ikiwa nzima usiitie majini. Zikija siku zake tutazungumza.

Ukinunua ya mtumba, chunguza muuzaji kabla ya kuchunguza saa. Boksi na karatasi vinaghushiwa sawa na saa yenyewe, na bandia za siku hizi zinamshinda hata anayezifahamu. Asiyekubali fundi wako afungue mfuniko wa nyuma kabla ya malipo, muage kwa heshima. Ukishanunua, piga picha namba ya saa, ikatie bima, na usiitangaze mitandaoni.

Limebaki la ukubwa, nalo usilidharau. Submariner ya sasa, tangu 2020, ina upana wa milimita 41. Tudor Black Bay 58 ina 39. Fifty Fathoms iliyozoeleka ina 45, na kwenye mkono mwembamba hukaa kama sahani. Zaidi ya upana, uliza urefu kutoka ncha za juu zinazoshika mkanda mpaka za chini. Ncha hizo zikipita ukingo wa mkono wako, saa si yako, hata ikiwa ya mwisho dukani. Pima mzingo wa kifundo cha mkono kwa uzi, unitumie namba pamoja na majina ya zile mbili ulizozipenda, kabla hujalipa chochote.

Mama yako