Waliogunduliwa na VVU wameongezeka: je, maambukizi nayo?
Ndugu, umeuliza kama kupanda kwa idadi ya waliogunduliwa nchini kunamaanisha maambukizi yameongezeka. Si lazima. Kwanza ondoa waliohesabiwa mara mbili: wengine hupima upya kituo kingine huku tayari wanatumia ARV (dawa za kufubaza VVU). Linganisha namba ya utambulisho, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Jina peke yake hudanganya, tahajia hubadilika. Mtu “mpya” mwenye virusi chini ya nakala 1,000 kwa mililita, mfuatilie, huenda yuko kwenye dawa. Vipimo vilivyofanyika navyo viliongezeka? Basi huenda ndiyo sababu waliogunduliwa ni wengi zaidi. CD4 (seli za kinga ya mwili) chini ya 200 kwa mikrolita ya damu mara nyingi huashiria maambukizi ya zamani. Tafadhali, orodha yenye majina isipite WhatsApp, ikivuja watu wanaumia. Kukadiria maambukizi mapya, mshirikishe mtaalamu wa epidemiolojia, yaani wa kuenea kwa magonjwa.