Barua kwa mwanangu: usiulize lini, uliza imekwama wapi

Mwanangu Rehema,

Barua yako imenifikia, na kwa ulivyoandika naona hasira imetangulia salamu. Sikulaumu. Umeniuliza mambo matatu kwa mkupuo: kwa nini mwenzako wa ofisini, mliyewasilisha ritani za kodi (zile taarifa za mapato na makato ya mwaka) wiki moja, amekwisha kulipwa marejesho yake ya kodi iliyozidi na wewe bado, kama uiwasilishe ritani upya ili "kuiamsha", na kama kuna ubaya kukopa sasa, marejesho yakija yalipe mkopo. Nitakujibu yote, ila si kwa mpangilio wako, kwa sababu swali kubwa umeliacha nje.

Pesa yako imekwama wapi? Hilo ndilo swali. Wewe kila ukipiga simu unauliza itatoka lini, na anayepokea simu hana "lini" ya kukupa. Mbele yake kuna skrini yenye jina lako, namba yako ya mlipakodi na neno moja au mawili ya kuonyesha hatua: imepokelewa, inahakikiwa, imeidhinishwa, imepelekwa malipo. Ukimuuliza lini, atakupa jibu analompa kila mtu, endelea kusubiri. Ukimuuliza iko hatua ipi, na nini kinahitajika ili itoke hapo, itambidi asome kilichoandikwa. Hapo ndipo utakapojua kama unasubiri foleni tu, au unasubiri jambo ambalo halitatokea mpaka wewe mwenyewe ufanye kitu. Mfumo huandika neno lilelile kwa yote mawili: inashughulikiwa.

Tuanze na jinsi pesa yenyewe ilivyofika huko. Mwaka jana ulihama kazi katikati ya mwaka, ukakaa miezi kadhaa bila mshahara, kisha ukaanza kwa mwajiri mpya. Mwajiri hukokotoa kodi ya kila mwezi kana kwamba mshahara ule utaupata mwaka mzima. Wewe hukuupata mwaka mzima. Tena huyu wa pili hakuwa na taarifa za yule wa kwanza, kwa hiyo nafuu za kodi ulizostahili hazikuhesabiwa zote. Ukijumlisha, umekatwa zaidi ya unachodaiwa, na hiyo tofauti ndiyo marejesho. Si zawadi ya serikali. Ni pesa yako iliyokaa mikononi mwa wengine, na kwa kawaida imekaa bila riba.

Utaratibu huu wa kukata kodi kabla mfanyakazi hajaugusa mshahara Ujerumani iliuanza mwaka 1920, lakini ulishika kasi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali zilipotaka pesa iingie mwaka mzima badala ya kungoja mwisho wa hesabu. Marekani waliuanza 1943, Uingereza 1944. Mwanauchumi Milton Friedman, ambaye baadaye alijulikana kwa kuipinga serikali inayojiingiza katika kila kitu, alikuwa miongoni mwa vijana wa Wizara ya Fedha ya Marekani walioupanga! Nakutajia haya ili uone kwamba mlango wa kuingizia pesa ulichongwa mpana, na wa kutokea ni mwembamba mpaka leo.

Mahali pa kwanza panapokwama mambo ni kwenye kulinganisha. Wewe umeandika kwamba ulikatwa kiasi fulani. Mamlaka ya mapato haitakulipa kwa neno lako peke yake; inatafuta taarifa za waajiri wako ione kama nao wamesema hivyohivyo. Unajua nimekaa idara ya mishahara miaka mingi, na nimeona vitu vidogo sana vikishikilia pesa nyingi. Kulikuwa na mama mmoja wa bohari ambaye marejesho yake yaligoma kabisa. Akienda anaambiwa subiri, akirudi anaambiwa subiri. Mwishowe akaja kwangu na nakala ya ritani yake na taarifa tuliyokuwa tumeipeleka sisi. Tukaziweka mezani sambamba, tukawa tunashusha rula mstari kwa mstari. Jina sawa. Mshahara sawa. Kodi iliyokatwa sawa. Tulipofika kwenye namba ya mlipakodi, tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimepishana: huku 47, huku 74. Kodi yake yote ilikuwa imelipwa hadi senti ya mwisho, lakini kwa namba isiyo yake. Kwa hesabu za mamlaka, mama yule alikuwa anadai kurudishiwa pesa ambayo hakuwahi kulipa. Kampuni ikapeleka masahihisho, mambo yakafunguka. Angeendelea kupiga simu za "lini" mpaka anastaafu.

Kwa hiyo kabla hujapiga simu nyingine, fanya hiyo kazi ya rula. Chukua cheti cha kodi iliyokatwa kutoka kwa kila mwajiri, hati zako za mshahara, na nakala ya ritani. Angalia jina kama limeandikwa kwa mpangilio uleule, angalia namba, angalia jumla ya mwaka. Wewe ulikuwa na waajiri wawili, maana yake mahali pa kukosea pako mara mbili. Na ujue kuna jambo baya zaidi ya tarakimu kupishana, nalo ni mwajiri aliyekukata kodi asiipeleke. Katika nchi nyingi sheria inamtia hatiani yeye, si wewe, na hati zako za mshahara ndizo ushahidi kwamba ulikatwa. Lakini mpaka hilo lithibitishwe, kosa ni lake na foleni ni yako. Ukiona dalili hiyo kwa mwajiri wa kwanza, muandikie mara moja akupe uthibitisho wa malipo, naye akinyamaza ipe mamlaka taarifa kwa maandishi. Usimwonee haya eti kwa sababu mliagana vizuri.

Mwenzako kulipwa mapema hakukuhusu sana. Ritani hazitoki kwa zamu ya kuingia kama watu wa benki. Kompyuta huzipitia, zisizo na maswali zinapita, zenye jambo lisilo la kawaida zinawekwa kando mtu azitazame. Na yako ina mambo hayo: waajiri wawili, marejesho makubwa kuliko miaka iliyopita, akaunti mpya ya benki. Kuwekwa kando si kushukiwa wizi. Wakati mwingine hata ni sheria inayosimamisha: huko Marekani, sheria ya mwaka 2015 inaizuia mamlaka kulipa kabla ya katikati ya Februari marejesho yanayohusu nafuu fulani za watu wa kipato cha chini, ili ipatikane nafasi ya kulinganisha taarifa za waajiri. Mtu anaweza kuwasilisha ritani Januari, kila kitu kikiwa safi, na bado akangoja. Mwaka 2020, ofisi zilipofungwa kwa sababu ya korona, ritani za karatasi zilirundikana hukohuko Marekani kwa mamilioni, na walioathirika zaidi hawakuwa na kosa lolote isipokuwa kutumia karatasi.

Ukiambiwa imeshaidhinishwa, usishangilie bado. Kuna kukatwa madeni: kama una kodi ya mwaka wa nyuma, faini ya kuchelewesha ritani, au katika nchi nyingine hata deni la serikali lisilo la kodi, hulipwa kwanza hapohapo, kinachobaki ndicho unachopewa. Kisha kuna hazina. Mamlaka inaweza kukubali kwamba unadai, lakini pesa ya kukulipa ikawa haijatolewa, na serikali ikibanwa marejesho ni kitu rahisi kusogeza mbele, kwa sababu wanaodai ni wengi na kila mmoja analalamika peke yake. Wauzaji wa bidhaa nje ya nchi wanalijua hili kuliko sisi wa mishahara. Wao hununua malighafi zenye kodi ya ongezeko la thamani na kuuza nje bila kodi hiyo, kwa hiyo marejesho kwao ni jambo la kila mara. Biashara nzima inaweza kukosa mtaji huku vitabu vinaonyesha inaidai serikali. Mwisho kabisa kuna benki: akaunti iliyofungwa au jina lisilolingana, malipo yanarudi yalikotoka, na hakuna anayekupigia simu kukwambia.

Sasa kuhusu kuiwasilisha upya. Usithubutu. Ritani mbili za mwaka mmoja zenye jina moja ni sababu tosha ya kompyuta kuziweka kando zote mbili. Ukigundua kosa lako mwenyewe, kuna njia ya kurekebisha ritani, na hiyo ndiyo uitumie. Kama hakuna kosa, iache ilipo.

Badala yake andika. Simu ni nzuri kwa kujua hatua, lakini haiachi alama upande wako. Andika hivi, kwa njia yoyote rasmi wanayopokea: "Ritani yangu ya mwaka fulani ilipokelewa tarehe fulani kwa stakabadhi namba fulani. Naomba kujulishwa iko katika hatua gani, kama kuna nyaraka inayosubiriwa kutoka kwangu au kwa mwajiri wangu, na kama kuna deni lolote linalokusudiwa kukatwa humo." Basi. Usiweke malalamiko, usieleze shida za nyumbani, wala usitishie kwenda kwa wakili. Anayesoma barua yako ana nyingine nyingi, na barua yenye maswali yanayojibika hujibiwa kabla ya yenye machozi. Ambatisha nakala, usitoe hati halisi. Kila simu, andika tarehe, jina la uliyeongea naye na alichosema. Wakikupa muda, uache upite ndipo uulize tena, ukitaja ahadi ile na namba ya barua ya kwanza. Ukipita bila jibu, omba suala lipelekwe kwa msimamizi, na baada ya hapo kuna ofisi za kupokea malalamiko ya walipakodi, ambazo nchi nyingi zinazo. Ukifika huko na daftari lenye tarehe, hawatakuambia uanze upya.

Soma pia sheria inasemaje kuhusu ucheleweshaji wenyewe. Si kila mahali, lakini mahali pengi mamlaka ikichelewa kupita muda uliowekwa inadaiwa riba. Marekani, kwa mfano, ikipita siku 45 tangu mwisho wa kuwasilisha ritani, au tangu ulipowasilisha kama ulichelewa, inaanza kuhesabiwa. Na riba hiyo nayo inatozwa kodi. Hawa watu hawaachi kitu. Angalia vilevile ukomo wa kudai. Haki ya kurudishiwa haikai milele. Uingereza, kwa mfano, ni miaka 4 tangu mwisho wa mwaka wa kodi unaohusika. Wewe hujaukaribia, lakini nakujua unavyokasirika ukaacha jambo katikati.

Huyo kijana unayesema atakusaidia "kusukuma faili" kwa asilimia kidogo, mwache. Mshauri wa kodi aliyesajiliwa ni halali kumlipa, na nyaraka zikiwa ngumu analipika. Lakini mtu anayejisifia kujuana na watu wa ndani, ama anapiga simu ileile unayoweza kupiga wewe, ama anatoa hongo kwa jina lako. Akiomba na nywila yako ya mfumo wa kodi, ndiyo kabisa. Anaweza kubadilisha akaunti ya kulipwa, na pesa ikitoka itakwenda kwake. Ujumbe wa simu unaosema marejesho yako yapo tayari, bofya hapa, nao ni wa matapeli. Kama yapo tayari, utayaona ndani ya akaunti yako ya mlipakodi uliyoingia mwenyewe.

Tumefika kwenye mkopo, na hapa jibu langu ni hapana. Mkopo una tarehe, marejesho hayana. Hilo peke yake lingetosha, lakini kuna na kiasi: umeniandikia ile jumla kamili kana kwamba imeshaingia, wakati inaweza kupunguzwa na hayo madeni niliyokutajia au na mkaguzi asiyekubali nafuu moja uliyodai. Wako watu wanaofanya biashara ya kukopesha wanaongoja marejesho, na ada zao huwa zinakula kipande kizuri cha pesa ambayo ni ya mkopaji mwenyewe. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hiki si cha ndugu, ni chako, ila kwa sasa kihesabu kama hakipo. Kama kodi ya nyumba ndiyo inayokubana, ongea na mwenye nyumba mapema, umwombe kulipa kwa awamu kutoka kwenye mshahara. Usimwambie "nikilipwa marejesho". Mpe tarehe unayoimudu.

La mwaka huu usilisahau ukishughulika na la mwaka jana. Mpelekee mwajiri wako mpya fomu ya nafuu kama bado hujaijaza, makato yarekebishwe sasa. Marejesho makubwa maana yake umekatwa kupita kiasi kila mwezi. Mama yako hakubaliani nami. Yeye anaona afadhali pesa ikae huko kuliko ikae mkononi ikaliwa, na akiona marejesho yameingia anafurahi kama amevunja kibubu. Tumebishana juu ya hili tangu hujazaliwa. Anakusalimu sana.

Fanya kazi ya rula Jumamosi hii, kisha andika hiyo barua. Wakijibu kwamba wanataka nyaraka, nitumie nakala ya walichoandika niione kabla hujawapelekea chochote.

Mimi baba yako.