Kumuuguza mama mkwe: ni wajibu wa mke?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mama yangu amepata kiharusi, hawezi kuinuka, naishi naye hapa Tanga. Mke wangu ndiye anayemlisha, kumwosha na kumgeuza kitandani. Siku hizi analalamika kuwa amechoka. Mimi nashinda dukani, yeye hana kazi, yupo nyumbani tu. Dada zangu wawili wako Dar es Salaam. Je, si wajibu wake kisheria?

JIBU: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullah. Allah amponye mama.

Si wajibu wake. Ni wako na wa dada zako. Amri ya kuwatendea wema wazazi wanaozeeka mikononi mwetu (Suratul Israa, aya ya 23) anaambiwa mtoto, haambiwi mkwe.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi wetu wa pwani hii, hata kukupikia na kukufulia wewe hakumo katika wajibu wa akdi ya ndoa. Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu hayo, akieleza hadithi ya Asmaa binti Abu Bakr aliyekuwa akibeba kokwa za tende kichwani na kumlisha farasi wa mumewe Zubayr, amesema hiyo ni hisani ya mke, na asipofanya hana dhambi. Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, yeye ameona ni wajibu mke kumhudumia mumewe kwa kadiri ya ada. Haya, ishike kauli hiyo: bado anayetajwa ni mume, si mama wa mume.

Na hili la "hana kazi" liache. Hata Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali.

Najua utasema wewe mwanamume, huwezi kumwosha mama. Sawa, stara ni jambo la haki. Lakini kumwinua, kumlisha, kumpa dawa, kufua mashuka na kukesha naye havikuzuii. Kuosha, dada zako waje kwa zamu, au aajiriwe mwanamke. Ujira utoke katika mali ya mama kama anayo. Kama hana, mchange nyinyi wanawe wenye uwezo. Mkeo akipenda kuendelea, muombe, usimwamuru.

Wallahu a'lam.