Nembo tumeiona, uzi uko wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, baiskeli mpya za mlima za shoku moja ya mbele, zinazouzwa kwa majina ya miaka ya 80 na 90, bado ni zile zile? Jibu langu kutoka Nakuru: kwa mwendo, hapana, na heri iwe hivyo. Kwa matengenezo, inategemea vitu ambavyo nembo haivisemi.

Jina peke yake si ushahidi. Stumpjumper ya Specialized ilitoka mwaka 1981 ikiwa na fremu ya chuma na foki ngumu, yaani isiyo na shoku. Leo jina hilo limebandikwa kwenye baiskeli yenye shoku mbele na nyuma. GT Zaskar LT imebaki na ile pembetatu ya ziada chini ya kiti, lakini vipimo vyake si vya Zaskar ya miaka ya 90. Marin Pine Mountain na Ritchey Ultra zilirudi kwa mabomba ya kromoli, aina ya chuma, na hapo wapenzi wa za zamani hutulia kidogo.

Fremu ya mwaka 1990 ilikuwa na pembe ya shingo (mlalo wa bomba linaloshika foki; namba ikipungua, foki inalala zaidi) ya digrii 71 hivi, stemu (kipande kinachoshika usukani) ya milimita 130 au zaidi, na usukani mwembamba wa milimita 560 hadi 580. Mwendeshaji amelalia gurudumu la mbele. Kupanda ni raha. Kushuka kwenye mawe ya Menengai au makorongo ya Nandi, gurudumu likikwama kidogo tu, mtu anavuka usukani kwa kichwa. Mpya zina digrii 65 hadi 67, stemu ya 35 hadi 50, usukani wa 760 kwenda juu. Anayebisha kwamba za zamani zilishuka vizuri, nadhani anaukumbuka ujana wake zaidi ya baiskeli.

Gia tatu za mbele nazo huliliwa bila hesabu. Meno 22 mbele na 28 nyuma, kwa gurudumu la inchi 26, zamu moja ya pedali inakupeleka kama mita 1.6. Meno 32 na 51 kwa gurudumu la 29 inakupeleka kama mita 1.4, kwa hiyo mpya ni nyepesi zaidi mlimani. Utakachokosa ni kasi ya lami: 42 na 11 ya zamani ilitoa karibu mita 7.9, 32 na 10 ya sasa inatoa 7.4 hivi. Kutoka Nakuru kwenda Naivasha utaihisi tofauti hiyo, ila ukishaingia njia ya vumbi ya Hell's Gate utaisahau.

Sasa habari ya fundi. Kwanza angalia ekseli ya krenki, ile inayobeba mikono ya pedali. Ikiwa fremu ina uzi wa kawaida wa Kiingereza, nunua kwa amani. Kikombe cha upande wa mnyororo hufunguka kwa kuzungusha kama saa. Anayesahau hilo na kuongeza bomba refu kwenye spana ndiye anayeng'oa nyuzi. Beringi za kugongelewa, zisizo na uzi, zinataka kifaa cha kuvutia na kipimo safi. Zikigongwa kwa nyundo huingia upande, na wiki hiyo hiyo fremu inaanza kulia. Pine Mountain ina uzi. Hapo nasema urithi upo.

Pili, upana wa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Ya zamani ni milimita 130 au 135, na spea zake zipo mtaani. Mpya nyingi ni 148 na ekseli ya kupenya ya milimita 12, kwa hiyo nunua beringi za akiba siku ile ile unayonunua baiskeli. Fremu ya chuma ya 130 hupanuliwa hadi 135 bila shida. Ya alumini usiiguse, inaweza kupasuka.

Tatu, mnyororo. Wa gia 12 ubadilishwe ukirefuka asilimia 0.5, wa gia 8 husubiri hadi 0.75. Ukiuchelewesha kwenye vumbi letu, utanunua na seti nzima ya meno ya nyuma, na hiyo ni bei ya mtumba mzima.

Kuna wanaotaka kula huku na huku: fremu ya zamani, shoku mpya. Msifanye hivyo. Foki ngumu ya zamani ina urefu wa kama milimita 400 kutoka ekseli hadi shingo. Shoku ya leo ya gurudumu la 29 hufika 530. Kila milimita 20 hulegeza pembe kwa karibu digrii moja, na nguvu zote zinaishia kwenye kiungo cha bomba la chini. Kama shoku ya mtumba ni ya miaka ya 90 yenye mipira ndani, mipira hiyo huwa imekuwa mawe au unga. Weka foki ngumu ya chuma yenye urefu ule ule.

Breki za raba zinakula rimu, hasa matope ya udongo mweusi wa Kano yakishaingia. Diski zimeshinda, sina la kuongeza. Miiba ya migunga ndiyo hoja kubwa ya tairi zisizo na tyubu: mililita 100 hivi za maji ya kuziba kwa tairi ya 29 pana, pauni 20 hadi 25 za upepo. Kwa joto la Kisumu yakague kila baada ya miezi miwili, maana hukauka kimya kimya.

Na kwa mnunuzi wa mtumba: kabla ya kutoa pesa, legeza nguzo ya kiti uizungushe. Alumini ndani ya chuma bila grisi huganda, na kuing'oa kunaweza kuchukua siku nzima na fremu yenyewe. Ikigoma, punguza bei kwa nusu au uiache hapo.