Nywele zinafika mabegani ila zinakaa kidume

SWALI: Dada, mimi ni mwanaume wa miaka 26, nywele zangu za kipilipili nikizivuta zinafika mabegani. Nikizichana zinakuwa afro tu, na mimi nataka zilainike zikae kike. Nipake dawa?

JIBU: Mdogo wangu, dawa iache kwanza, ikizidi muda inaunguza ngozi na nywele zinakatika, utaanza upya. Urefu unao tayari, tatizo ni shepu, zimejaa juu na pembeni sawasawa. Osha, paka kondishena, chana zikiwa bado na maji kuanzia kwenye ncha kupanda juu, zikianza kukauka gawa mafungu kama nane uzungushie uzi mweusi kama mama zetu walivyotufunga utotoni, usikaze sana, lala nazo, asubuhi zimenyooka bila moto. Ukitaka mawimbi suka twist usiku, fungua zikikauka kabisa.

Sasa hapa ndo penyewe: njia usiipitishe katikati, ipeleke pembeni usawa wa nyusi, halafu acha nywele za mbele zishuke kwenye paji, maana wanaume wengi wana zile kona mbili za juu ya paji na jicho linaenda hapo hapo. Ukizifunika tu sura inabadilika, kweli tena! Vinywele vya pembeni laza kwa jeli kidogo na mswaki laini. Ukitoka jioni zibane chini kisogoni, chomeka asmini. Kulala ni kitambaa cha satini.